Mume Wangu Hajaota Meno: Utani wa Nkambo na Mjukuu, Shule ya Kwanza ya Amani



Anayepita jioni katika mitaa ya Nyunzu, saa ambayo harufu ya sombe na mawese inatoka katika kila jiko, husikia maneno ambayo mgeni angeyashangaa. Mama mzee ameketi mkekani, kikwembe kimefungwa kiunoni, na mbele yake amesimama mtoto wa kiume wa miaka miwili, tumbo wazi, kidole mdomoni. "Mume wangu," anamwuliza, "leo umeniletea nini? Tangu asubuhi nyumba haina chumvi." Mtoto anafikiri kidogo, kisha anamnyoshea kigunzi cha mahindi alichokuwa akikitafuna. Mama mzee anakipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa kupokea zawadi ya mume, anakigeuzageuza, halafu anawalalamikia majirani: "Tazameni nilivyoolewa vibaya! Mume mwenyewe hajamaliza kuota meno, na usiku anakojoa mkeka." Majirani wanacheka. Mtoto anacheka kuliko wote, kisha anajibu kwa sauti kubwa: "Nkambo hana meno!" Mama wa mtoto, aliye karibu akisonga bukari, anageuza uso ili asionekane kwamba naye anacheka.

Mambo haya ni ya kila siku, hata hatuyaangalii tena. Tunasema ni mchezo wa wazee waliochoka kulima. Lakini mchezo huu ni wa zamani kuliko mji wetu, una sheria zake, na una kazi yake. Katika makala haya tutaufuata kutoka mkeka wa nkambo hadi kwenye ukoo, kutoka ukoo hadi kwenye njia za misafara ya karne ya 19, na mwishoni tutarudi nao hapa Nyunzu. Tutaona kwamba mtoto anayetaniwa vizuri anafundishwa jambo ambalo teritwari yetu imelihitaji sana tangu mwaka 2013: kuishi na mtu aliye tofauti nawe bila kumwogopa na bila kumdharau.

Kwa nini nkambo na si mama

Jambo la kwanza la kuangalia ni nani anayetania na nani asiyetania. Mama hamwiti mwanawe "mume wangu". Baba hamtishii binti yake kwamba atamchumbia. Maneno hayo yangekuwa aibu. Kazi ya wazazi ni kulisha, kuamuru, kukataza na kuadhibu, na mtoto hujifunza mapema kwamba baba akiita, mtu huitika na kwenda. Kati ya wazazi na watoto kuna heshima yenye umbali kidogo.

Kati ya nkambo na mjukuu umbali huo haupo. Mjukuu anaweza kupanda mgongoni mwa babu yake, kumvuta ndevu, kumwambia kwamba atamnyang'anya mke. Babu naye anaweza kumdai mjukuu mahari, au kumtangazia kwamba amemkamata akimtazama bibi yake kwa jicho baya. Hata lugha yetu imejiunga na utani huu. Kwa Kiswahili cha pwani, "bibi" ni mama wa mzazi wako. Kwa Kiswahili chetu cha Kongo, "bibi" ni mke. Mtoto wa Dar es Salaam akimtaja bibi yake hapa Nyunzu, watu watamwuliza ameoa lini.

Mwaka 1940 mtaalamu mmoja Mwingereza, A. R. Radcliffe-Brown, aliandika makala ambayo imesomwa sana kuhusu uhusiano wa utani. Alikusanya mifano kutoka sehemu nyingi za Afrika na kwingineko duniani, akaeleza kwamba utani kati ya wazee na wajukuu hutokea mahali pengi kwa sababu inayofanana. Wazazi wana mamlaka juu ya mtoto, na mamlaka huzaa woga. Babu na nyanya wanaondoka duniani wakati mjukuu anaingia. Yeye ndiye atakayekaa mahali pao. Kwa hiyo wanasimama naye kama walio sawa. Tena alieleza jambo ambalo wazee wetu walilijua bila kuliandika: utani huwekwa pale ambapo watu wawili wanafungamana na wakati huohuo wanatengana. Mahali hapo panaweza kuzaa ugomvi. Desturi inawaamuru wataniane, na inawaamuru wasikasirike.

Amri hiyo ya pili ndiyo mzigo mzito. Mtu yeyote anaweza kutania. Kutaniwa na kutokasirika ni jambo la kujifunza, na huanza kufundishwa mtoto akiwa bado anatambaa.

Tazameni jinsi nkambo anavyofundisha. Mtoto amekataa kula. Mama amemwomba, amemfokea, amemtishia. Kinywa kimefungwa kama mlango wa ghala. Nkambo anasema kwa upole, akimwangalia mtoto wa jirani, "Basi mimi nitaolewa na yule. Yeye anamaliza bukari yake, atakuwa na nguvu ya kunilimia shamba la mihogo." Kinywa kinafunguka. Mtoto ameona aibu, lakini haikumvunja, kwa sababu mwenye kumwaibisha ndiye aliyembeba mgongoni mchana kutwa. Amejifunza kwamba neno kali linaweza kutoka kwa mtu anayempenda. Akijibu kwamba nkambo hana meno, anapewa kicheko badala ya kofi, naye anajifunza kwamba anaweza kumkabili mkubwa bila kuasi.

Tena anajifunza mpaka. Siku moja mtoto huyohuyo anamwona mgeni mwenye kilema akipita njiani, naye anamcheka na kumwigiza. Hapo nkambo hatanii tena. Sauti yake inabadilika, mtoto anavutwa mkono na kukalishwa chini. Hakuna aliyempa maelezo marefu, lakini ameelewa: tunamtania yule anayeweza kututania. Wahenga walilisema kwa ukali zaidi: mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Mtoto anayeitwa baba

Katika nyumba nyingi utani huu una mizizi katika jina. Kwa Waluba, kama kwa watu wengi wa Afrika ya kati, mtoto hupewa jina la mzee wa ukoo, aliye hai au aliyekufa, na jina hilo halichukuliwi kama kibandiko tu. Padre Placide Tempels, Mfransisko aliyefanya kazi miaka mingi miongoni mwa Waluba wa Katanga, alilieleza hilo katika kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilichotoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Alionyesha kwamba mtoto na mzee aliyempa jina wanahesabiwa kuwa na uhusiano wa uhai wenyewe.

Nyumbani, fundisho hilo zito linageuka kuwa kichekesho. Mama aliyempa mwanawe jina la baba yake mzazi hujikuta akimwita mtoto "baba". "Baba, acha kula udongo!" "Baba, nani amemwaga maji?" Akitaka kumchapa, nyanya wa mtoto anapiga kelele kutoka uani: "Unampiga baba yako? Tangu lini?" Mama anabaki na fimbo mkononi, na hasira inakwisha kwa kicheko. Ni vigumu kumchapa kwa hasira mtu mwenye jina la aliyekuzaa. Bila shaka wapo wanaochapa hata hivyo. Lakini desturi imeweka kizuizi kidogo kati ya mkono wa mzazi na mwili wa mtoto, na kizuizi hicho kimetengenezwa kwa mzaha.

Mapacha nao wana sura yao katika historia hii. Kwetu huitwa Kyungu na Kabange. Ng'ambo ya ziwa, kwa Wasukuma na Wanyamwezi, huitwa Kulwa na Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao huitwa Shija. Kuzaliwa kwa mapacha ni furaha na ni hofu: vinywa viwili kwa mara moja, maziwa ya mama mmoja. Kwa Waluba, katika sherehe za mapacha watu huimba nyimbo zenye maneno ambayo siku ya kawaida yangepelekwa mbele ya chifu kama matusi. Siku hiyo ni ruhusa, hata ni wajibu. Wazazi wanaoogopa mzigo wanazungukwa na kijiji kizima kinachocheka, na anayekuja kucheka mara nyingi huja pia na unga.

Na tusidhani kwamba kicheko mbele ya mtoto mchanga ni cha Afrika peke yake. Katika Kitabu cha Mwanzo, jina la Isaka lina maana ya kicheko, kwa kuwa wazazi wake walicheka, wakiwa wazee, waliposikia kwamba watapata mtoto. Mzee anayeshika mtoto na kucheka ni picha ya kale sana.

Kutoka mkekani hadi kwenye ukoo

Mtoto aliyejifunza utani kwa nkambo anakua na kugundua kwamba ukoo wake wote una watani. Mfano ulioandikwa vizuri unatoka kwa jirani zetu wa kusini, Wabemba wa Zambia, ambao masimulizi yao wenyewe yanasema kwamba watawala wao walitoka katika nchi ya Waluba. Katika miaka ya 1930 mtafiti Mwingereza Audrey Richards aliishi kwao, na mwaka 1937 alieleza jinsi koo zao zilivyogawanywa katika jozi za utani. Ukoo wa Chui unataniana na ukoo wa Mbuzi, kwa kuwa chui hula mbuzi. Ukoo wa Uyoga unataniana na ukoo wa Kichuguu, kwa kuwa uyoga huota juu ya kichuguu. Ukoo wa Tembo unataniana na ukoo wa Udongo, kwa kuwa inasemekana zamani wanawake walichimbua nyayo za tembo ardhini wakazitumia kama vyungu.

Ni rahisi kuwawazia watoto wa Mbuzi wakikutana na watoto wa Chui kisimani na kudai fidia ya mababu walioliwa. Lakini jozi hizo zilikuwa na kazi nyingine iliyo nzito. Msiba ukitokea, mtani ndiye anayeitwa kushika mwili na kuzika. Wafiwa wamelemewa, wanaogopa kaburi. Mtani anakuja, anafanya kazi hiyo, na katikati ya kilio anaweza kusema neno la mzaha ambalo hakuna mwingine angethubutu kulisema. Yule aliyekuita chakula cha babu yake jana ndiye anayekubeba leo.

Huko Tanganyika, Tanzania bara ya leo, utani ulipita hata mipaka ya makabila. Mmoja wa walioandika juu yake katika miaka ya 1940 alikuwa R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha mahali panapoitwa Amani. Wanyamwezi na Wasukuma wakawa watani wa Wazaramo wa pwani kwa sababu ya misafara: wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka bara walitembea miezi mingi mbali na ndugu zao, na aliyeugua au kufa njiani alihitaji mtu wa kumhudumia. Wahehe na Wangoni, waliopigana vita vikali kati ya miaka ya 1878 na 1882, nao leo huhesabiwa kuwa watani. Wabemba na Wangoni wa Zambia wana historia ya namna hiyohiyo. Mjukuu wa shujaa anamwambia mjukuu wa adui, "Babu yako alikimbia", naye anajibiwa, "Alikuwa anamfuata wako". Damu iliyomwagika haikusahauliwa. Walikubaliana tu namna ya kuitaja bila kuimwaga tena.

Si ajabu basi kwamba mwaka 2014 UNESCO iliandika desturi za utani za nchi ya Niger katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Wengine wameona kwamba jambo wanalocheka wazee wetu ni mali.

Watoto wasio na nkambo

Misafara hiyohiyo ina upande wake wa giza, nao unatuhusu. Kiswahili tunachosali nacho kilifika mwambao wa Tanganyika kwa njia za wafanyabiashara kutoka Ujiji. Pamoja na pembe za ndovu walichukua watu, na kati ya watu hao walikuwemo watoto wengi. Wamisionari wa Afrika, Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie, walifungua kituo cha Kibanga mwaka 1883. Mwaka 1885 walipokea kituo cha Mpala, ambacho Kapteni Émile Storms alikianzisha mwaka 1883. Katika vituo hivyo waliwakomboa watoto watumwa kwa kuwanunua, wakawalea, wakawafundisha, na walipokua wakawaoza na kuwapa mashamba. Hivyo vilizaliwa vijiji vya kwanza vya Kikristo katika upande wetu wa ziwa.

Tunayasimulia hayo mara nyingi tukitaja kanisa, shule na ulinzi. Tufikiri leo juu ya jambo moja dogo. Watoto wale walitoka kwa watu mbalimbali, na wengine walitekwa wakiwa wadogo mno kukumbuka jina la kijiji chao. Walipozaa, watoto wao walikuwa na baba na mama, walikuwa na padre na mkatekista, lakini mkeka wa nkambo ulikuwa mtupu. Hapakuwa na mzee wa damu wa kuwaita "mume wangu" au kuwadai mahari. Utumwa uliwaibia wazazi wao nchi. Wao uliwaibia kizazi kizima cha wazee. Ukoo uliokatwa hivyo unahitaji muda kuota tena. Ilibidi kizazi cha waliokombolewa kizeeke ndipo mtoto wa Mpala apate mzee wake wa kumtania.

Hilo ndilo fundisho la kwanza la historia yetu: vita na biashara ya watu haviharibu nyumba na mashamba tu. Vinakata uzi ambao kwa huo mzee humfikishia mtoto namna ya kuishi na wengine. Uzi huo hauonekani katika hesabu za hasara, kwa kuwa umetengenezwa kwa maneno na vicheko vya jioni.

Watoto wa msitu

Nyunzu ni nchi ya watu zaidi ya mmoja. Reli ya kutoka Kabalo hadi Kalemie, iliyokamilika mwaka 1915, ilipita hapa, ikaleta watu wa asili nyingi. Lakini kabla ya reli, Waluba na jirani zao wakulima waliishi hapa pamoja na Watwa, wanaojulikana pia kama Wambote, watu wa uwindaji na asali.

Baadhi yetu tumelelewa kuamini kwamba Watwa hawana la kutufundisha juu ya kulea. Basi tusikie kidogo habari za ndugu zao wa mbali kwa maisha ya msitu, Wambuti wa Ituri. Colin Turnbull aliishi nao karibu na Epulu katika miaka ya 1950, na kitabu chake cha mwaka 1961 kilizunguka dunia. Alieleza kwamba kando ya kila kambi watoto walikuwa na uwanja wao wa kuchezea, unaoitwa bopi, ambamo waliigiza maisha ya wakubwa: walijenga vibanda, waliwinda, hata waligombana kama mume na mke mpaka ugomvi ukageuka kichekesho. Mtoto aliwaita watu wazima wote wa umri wa wazazi wake baba na mama, na wazee wote babu na nyanya. Mtoto wa namna hiyo hakosi mkeka wa kukalia.

Kulikuwa na mchezo mmoja alioueleza. Watoto wengi hupanda mti mchanga hadi karibu na kilele, mpaka mti unapinda na kugusa ardhi. Hapo wote huruka kwa pamoja. Anayechelewa, kwa woga au kwa kutaka kujionyesha, hurushwa juu na mti unaporudi, na wenzake hucheka. Hakuna hotuba juu ya umoja inayoshinda funzo hilo. Na katika kambi, Turnbull aliona, kulikuwa na mtu anayejulikana kwa mzaha, ambaye ugomvi ukiwaka alijifanya mpumbavu ili hasira zigeukie kwake na kuishia katika kicheko. Watu wasio na polisi wala gereza walifanya kicheko kuwa mlinzi wa amani.

Pale utani ulipokosekana

Sasa tuje kwenye kidonda chetu. Tangu mwaka 2013 mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliikumba nchi yetu. Tarehe 30 Aprili 2015 kambi ya Watwa waliokimbia makwao, iliyoitwa Vumilia 1, hapahapa Nyunzu, ilishambuliwa, na watu wasiopungua 30 waliuawa. Vijiji vya Waluba navyo vilishambuliwa na kuchomwa, na katika miaka ya 2016 na 2017 vita vilienea katika sehemu kubwa ya mkoa wa Tanganyika, ulioanza kuwa mkoa mwaka 2015. Februari 2017 pande zote mbili zilikutana Kalemie katika kongamano la amani. Wengi wenu mlikuwa watoto wadogo katika miaka hiyo. Baadhi mlijifunza kutembea katika kambi.

Sababu za vita zilikuwa nyingi: ardhi, kazi isiyolipwa haki, siasa na bunduki. Lakini kati ya malalamiko ya Watwa lilikuwemo moja linalogusa habari yetu. Mwanaume wa Kiluba aliweza kuoa binti wa Kitwa. Mwanaume wa Kitwa aliyetaka kuoa binti wa Kiluba alikataliwa, hata kuchekwa. Angalieni neno hilo, kuchekwa. Kicheko kilikuwepo kati yetu. Kilichokosekana ni jibu. Mmoja alicheka na mwingine alitakiwa anyamaze.

Kama tumefuata vizuri njia kutoka mkeka wa nkambo, tunajua kicheko hicho hakistahili jina la utani. Chui anamtania Mbuzi, na Mbuzi anamjibu Chui. Mhehe anamtania Mngoni, na Mngoni anamrudishia palepale. Mtoto wa miaka miwili anamwambia mzee wa miaka 70 kwamba hana meno, na mzee anafurahi. Kinachotaniwa kwa upande mmoja tu ni dharau iliyovaa nguo ya mzaha. Na watoto wa pande zote mbili waliisikia dharau hiyo jioni, katika saa ileile ya sombe na mawese, kutoka kwa wakubwa wao wenyewe. Nkambo ni mwalimu; naye kama kila mwalimu anaweza kufundisha vibaya.

Ndiyo maana haitoshi kusema kwamba turudi kwenye mila. Turudi kwenye sheria zake. Utani una sheria tatu ambazo tumezikuta mahali pote tulipopita. Ya kwanza, anayetania akubali kutaniwa. Ya pili, asiyeweza kujibu hatanwi: mgeni, mwenye kilema, aliyelemewa. Ya tatu, mtani ana deni la msiba. Anayekucheka siku ya ngoma ndiye atakayekuzika. Mkiondoa moja ya sheria hizo, kinachobaki ni matusi.

Kazi iliyo mbele yetu

Ninyi vijana mtakuwa baba na mama baada ya miaka michache. Wengine tayari mmeshika mtoto. Mtachoka. Mtoto atamwaga mafuta yaliyonunuliwa kwa shida, atatia mchanga katika unga, atauliza maswali machafu mbele ya mkwe. Kuna mtakaodhani kwamba kulea ni kukaza uso. Kumbukeni mama yule anayegeuza uso kando ya jiko: anatunza heshima yake ya mzazi, na wakati huohuo anamwachia nkambo nafasi ya kufanya kazi yake. Wote wawili wanahitajika.

Pale ambapo nkambo hayupo, kwa sababu alikufa katika vita au alibaki mbali, tusimwache mtoto mbele ya mkeka mtupu. Wapagazi wa misafara, waliokuwa mbali na ndugu zao, waliamua kwamba mtu wa kabila jingine atawatania na kuwazika. Wambuti waliamua kwamba kila mzee wa kambi ni babu. Katika mtaa wenye mjane wa Kiluba asiye na wajukuu na mtoto wa Kitwa asiye na nyanya, jambo hilo linaweza kuanza leo, kwa neno moja la mzaha lililosemwa kwa upendo na kusubiri jibu.

Siku tutakapomsikia mtoto wa Kitwa akimwambia mzee wa Kiluba mbele ya watu kwamba hana meno, na mzee akacheka hadi machozi, kisha akamjibu, tutajua kwamba yaliyoahidiwa Kalemie mwaka 2017 yamefika mpaka mkekani.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Nani alikutania ulipokuwa mdogo? Kumbuka neno moja alilopenda kukuambia, na useme lilikufundisha nini.

2. Katika mtaa wenu, ni akina nani wanaochekwa bila kuruhusiwa kujibu? Kikundi chenu kinaweza kufanya nini ili wapate nafasi ya kujibu?

3. Mwombeni mzee mmoja wa upande wenu na mmoja wa upande mwingine waje kuwasimulia jinsi walivyolelewa. Sikilizeni hasa mahali ambapo wote wawili wanacheka.